Nywele Nilizozichoma Mbele ya Kamera

Sijawahi kumpenda yule mpiga video, na sioni sababu ya kuanza leo. Alifika Geita kutoka Dar Jumatatu asubuhi akiwa na viatu vyeupe, akashuka kwenye gari la ofisi, akalitazama vumbi la uwanja wetu kama vile sisi ndio tulilimwaga pale kumkomoa. Kabla hajatusalimia, aliuliza kama maabara ina ukuta wenye rangi nyingine. Ukuta wetu ni wa krimu na umebabuka karibu na sinki. Nikamwambia upo mwingine, wa chooni, kama atapenda.

Kazi yangu ni kupima zebaki kwenye miili ya watu wa machimbo madogo. Kwa asiyejua: mawe ya dhahabu husagwa kwenye karasha, unga huoshwa mwaloni, yaani kwenye mabwawa ya kuoshea, kisha huchanganywa na zebaki ili inase dhahabu. Donge linalopatikana huwekwa motoni mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Ikishapaa haiendi mbinguni. Inaingia kifuani kwa anayechoma, na kwa mtoto aliyebebwa mgongoni kwake. Sisi tunaitafuta kwenye mkojo na kwenye nywele. Mkojo unasema habari za juzi, nywele zinasema habari za miezi iliyopita.

Mdogo wangu, tumbo moja, ni mmoja wa hao wachomaji. Anaishi Rwamgasa, anawachomea watu dhahabu kwenye kikaango, na wakati ule alikuwa akichomea jikoni kwake, mwanawe wa kike wa miaka miwili akiwa mgongoni. Nilimsema mpaka nikachoka. Kila nikienda nilimkuta na kikaango chake, na kila nikiondoka nilikuwa nimegombana naye. Kwa hiyo mradi wetu ulipoanza kupima na watoto, wa kwanza kumwandikisha alikuwa yule mpwa wangu.

Mkojo hakuna aliyewahi kuudai. Nywele ni habari nyingine. Bibi yetu alipomaliza kutunyoa aliokota hata zile zilizonasa kwenye mkeka, akazifunga kwenye jani, akazitumbukiza chooni kwa mkono wake mwenyewe. Upepo ukizipeperusha kuelekea jikoni alipiga kelele kama nyumba inaungua. Nywele ikiungua, alisema, mwenye nywele ataumwa kichwa mpaka apagawe. Mimi na mdogo wangu tulikua tukilijua hilo kama tunavyojua njia ya kwenda kisimani.

Siku ile nilipochukua mkojo wa mtoto na kumkata nywele kidogo kisogoni, uzi wetu ulikuwa umeisha. Kile kifungu lazima kifungwe uzi upande wa shina, ili tujue ncha ipi ni ya karibuni. Mdogo wangu akachomoa uzi wa zambarau kwenye pindo la mtandio wake, akakifunga mwenyewe, mafundo matatu. Kisha akaniuliza, "Dada, zikibaki zinaenda wapi?"

Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi. Hakuna atakayezigusa."

Halikuwa jibu la uongo. Lilikuwa jibu la mtu mwenye haraka. Kwenye fomu ya ridhaa niliyomsomea upo mstari unaosema mabaki yatateketezwa kwa utaratibu, na mstari huo niliupita mbio kama anayekwepa mbwa. Akasaini.

Majibu yalipotoka, namba ya mtoto ilikuwa kubwa kuliko za watu wazima wengi. Niliipeleka mwenyewe kwenye karatasi. Nilimhubiria mdogo wangu karibu saa nzima: achomee nje, mbali na nyumba, mtoto asiwepo kabisa. Alinisikiliza, akakunja karatasi, akaichomeka kwenye pindo la kanga. "Haya, dada," akasema. Haya ya mdogo wangu naijua tangu utotoni, maana yake ni maliza uondoke. Tulikubaliana kwamba baada ya miezi mitatu nitampima mtoto tena. Bila kipimo hicho cha pili hatungejua kama sumu inamtoka au inazidi kumwingia, na mimi kwa miezi mitatu hiyo sikuwa na jambo jingine kichwani.

Hapo katikati ndipo ikaja video.

Mkuu wetu wa maabara alirudi kutoka mkutanoni na habari kwamba wafadhili wanataka maabara zifunguliwe kwa wananchi. Si kufungua milango, maana milango ikifunguliwa vumbi linaharibu mashine. Zifunguliwe kwa video. Mwananchi akae kwake, aone kwenye simu sampuli yake inapita wapi na inafanywa nini. Chini ya picha kuwe na maandishi makubwa, pembeni kuwe na mtu wa lugha ya alama, sauti iwe ya polepole. Sikuwa na ugomvi na wazo lenyewe. Mtaani walikuwa wakisema tunauza damu, na mwaloni walikuwa wakisema mabaki ya nywele tunawapa matajiri wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, watengenezewe dawa ya kuvuta dhahabu. Nilikuwa nimechoka kutazamwa kama mwizi kila nikinunua nyanya.

Ugomvi wangu ulikuwa na mwenye viatu vyeupe. Alitaka tutie rangi ya bluu kwenye maji ili mirija ipendeze. Alitaka niiname kwenye darubini. Darubini ni ya wenzetu wa malaria, chumba cha pili, na zebaki haionekani kwa darubini hata ukiitazama mpaka Krismasi.

"Dada, watu wanapenda kuona darubini," akasema.

"Watu wanapenda pia kuona tembo. Tukuletee na tembo?"

Mkuu akacheka kidogo kisha akakumbuka kunikunjia uso. Mimi nikaendelea. Nikasema kama tunafungua, tufungue yote, tangu mkasi mpaka mwisho. Waonyeshwe bahasha, waonyeshwe kabati na kufuli, waonyeshwe mashine. Tena waonyeshwe mabaki yanavyoteketezwa, ili yule anayesema tunauza nywele afunge mdomo. Wazo la moto lilikuwa langu. Naliandika hapa kwa sababu kwenye vikao vyote vilivyofuata watu walikuwa wakisema "timu iliona", "ilionekana". Timu haikuona kitu. Niliona mimi, mtoto wa Kisukuma, mjukuu wa bibi yule, nikiwa nimevimba kwa hasira za kushindana na mtu wa Dar.

Tukaenda nyuma ya jengo kwenye kichomea taka. Mpiga video alifurahi kwa mara ya kwanza, akasema moto unatoka vizuri kwenye picha. Mama wa usafi alikuwa akifagia pale, mwanamke mtu mzima wa huku huku. Akaegemea fagio lake, akanitazama nilivyovaa glavu.

"Mayu," akaniambia taratibu, yaani mama kwa Kisukuma, "na hilo nalo mnaonyesha?"

"Ndiyo, mama. Tunaonyesha ukweli."

"Haya," akasema, akaendelea kufagia.

Nikachukua kifungu kimoja cha nywele kutoka kwenye mfuko wa sampuli za kundi la kwanza, la watu wazima, ambazo zilikuwa zimeshamaliza kazi. Nikakiinua mbele ya kamera kionekane vizuri. Nikasema kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari: "Zikishapimwa, nywele zenu tunaziteketeza kabisa. Hakuna anayeweza kuzitumia kwa lolote." Nikakitupa motoni. Tulirudia mara mbili, kwa vifungu vingine, kwa sababu upepo uliharibu sauti. Mwisho alichagua ile ya kwanza.

Nilijisikia vizuri siku ile. Nilikula chakula cha mchana kama mtu aliyeshinda kesi.

Video ilipotoka iliwekwa kwenye televisheni ya chumba cha kusubiri pale hospitali, na kwenye simu ikaenda yenyewe. Lakini iliyofika Rwamgasa haikuwa video nzima. Mtu alikata kipande kisichofika dakika moja, na sauti akaitoa. Ukabaki mkono wangu, nywele, moto, na uso wangu nikitabasamu. Maandishi makubwa yalikatwa, yule wa lugha ya alama alikatwa. Kwa kweli hata kama angebaki, sioni angesema nini kwa mikono yake cha kuushinda ule moto.

Siku yetu ya kliniki iliyofuata Rwamgasa nilikuta mabenchi matupu. Mwaloni nilimsalimia mwanamke niliyempima mara tatu, "Mwangaluka, mayu," akanipa mgongo na karai lake. Dereva wa bodaboda aliniuliza kama mimi ndiye wa moto. Kila aliyeumwa kichwa wiki ile, na machimboni vichwa vinauma kila wiki kwa jua na kelele za karasha, alikuwa ameshajua kwamba mimi ndiye niliyemuumiza.

Aliyekuja alikuwa mmoja tu, mzee anayeosha marudio, yaani mchanga ambao wenzake wameshauchenjua na kuutupa. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akauliza kwa adabu kama anaweza kurudishiwa nywele zake. Nikamwambia, "Mzee, zile ziliteketezwa kwa utaratibu." Akaigeuza kofia mkononi. Akauliza tena, "Zote?" Nikasema zote, nikainamia karatasi zangu. Akavaa kofia, akaondoka.

Mdogo wangu alipiga simu Jumatatu. Hakunisalimia, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ajue kusema.

"Umemchoma mwanangu."

"Sijamchoma mtu."

"Kichwa kinamuuma tangu Jumamosi."

"Mtoto wa miaka miwili umejuaje kama ni kichwa?"

"Anakishika. Analia anakishika. Uliniambia hakuna atakayezigusa, dada. Kumbe mkono wenyewe ni wako."

Hapo mtu mwenye akili angesema pole. Mimi nikasema, "Hiyo ni zebaki! Si nilikwambia? Na usipomleta nimpime nitajuaje?" Akakata. Nikapiga tena mara nne, haikupokelewa. Siku ya kipimo cha pili ilikuwa imebaki wiki moja na nusu.

Nilikwenda kwa mkuu. Nikamkuta kwenye simu na mpiga video, wanapanga video ya pili ya kuifafanua ya kwanza. Mpiga video alikuwa akishauri iwekwe muziki wa taratibu. Nikangoja amalize, nikasema nywele za watoto hazijachomwa, zipo kabatini zinasubiri kipimo cha pili, nipewe za mpwa wangu nizirudishe.

"Haiwezekani," akasema. "Sampuli haitoki. Mdogo wako alisaini."

"Alisaini nilichomsomea."

"Basi ulimsomea."

Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa kuwa sahihi. Saa ya chakula cha mchana, wote walipotoka, nilifungua kabati kwa ufunguo ninaokaa nao mwenyewe, nikatoa bahasha, nikaitia kwenye pochi. Sijutii. Nilisaini kwenye daftari la kabati kwamba nimeitoa mimi, kwa sababu sitaki mtu mwingine aje kuulizwa.

Rwamgasa nilifika jua likiwa bado kali. Mdogo wangu alikuwa mlangoni akichambua mchele. Aliniona, kisha akasema, "Shikamoo dada," bila kuinua macho. Hata akikuchukia, shikamoo yako atakupa. Nikaitikia marahaba. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, amefungwa kitambaa cheusi mkononi, dawa ya upande wa baba yake. Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa na joto, na pua ilikuwa ikitiririka. Mafua. Nilitaka sana kulisema neno hilo mafua, kwa sauti ya juu. Kwa mara moja katika maisha yangu nililimeza.

Nikampa bahasha. Akaigeuza upande huu na ule.

"Hapa pameandikwa namba. Jina la mwanangu liko wapi?"

"Hatuandiki majina. Ni kwa ajili ya usiri, mtu mwingine asijue ni za nani."

"Na mimi nitajuaje?"

Kila kitu tulichokifanya kumlinda kilikuwa kimefanya asiweze kuniamini. Akaifungua, akachungulia. Akatoa kile kifungu kwa vidole viwili, na uzi wa zambarau ukaonekana, mafundo matatu. Akayapapasa mafundo kwa ukucha, moja moja. Halafu akainuka, akaenda chooni, akarudi akinawa mikono.

Nikaona sasa ndiyo nafasi yangu. Nikaanza tena: moshi, kikaango, mtoto mgongoni, mapafu, ubongo. Aliniacha niseme kama sentensi sita. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akanivuta nyuma ya nyumba, tukapita uzio wa minyaa, tukapita shamba la mihogo la jirani, mpaka mahali peupe penye mawe matatu meusi. Kikaango kilikuwa pale kimefunikwa na debe. Hapakuwa na nyumba karibu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kesho yake uliponiletea ile karatasi. Nikija huku mtoto namwachia mama mkwe."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Nilikuwa nimepiga simu kila wiki kwa karibu miezi mitatu. Kila wiki nilimwambia aache. Sikuwahi kumuuliza.

"Karatasi niliiamini," akasema. "Haikuwa na picha wala nini, niliiamini kwa sababu umeileta wewe. Na nywele nilikupa wewe, sikuipa maabara." Alikuwa akilia sasa, kwa hasira, anajifuta kwa kiganja. "Mkojo njoo uchukue siku yako. Nywele hapana. Na kamera nisiione hapa."

Tulirudi mlangoni. Nilipokuwa nafunga viatu, akaniuliza swali moja la mwisho. "Na zile za kwenye video, zilikuwa za nani?"

Nikasema sijui.

"Watu wote hapa wanajiuliza kama ni zao," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Mkojo nilichukua wiki iliyofuata, na namba ilikuwa imeshuka sana. Nilimpelekea karatasi, akaiweka pamoja na ile ya kwanza. Mkuu alinipa barua ya onyo kwa ajili ya bahasha, na wiki hiyo hiyo akaniuliza kama mdogo wangu atakubali kurekodiwa aeleze namba ilivyoshuka, kwa sababu ni habari nzuri kwa wafadhili. Nilimjibu maneno ambayo yangestahili barua ya pili.

Siku chache baadaye nilipita chumba cha kusubiri cha hospitali kupeleka fomu. Televisheni ilikuwa ukutani, kubwa, video nzima inacheza, na watu kumi hivi wanaitazama kwa kukosa cha kutazama. Mimi nilikuwa nimeiona kwenye simu tu. Nikasimama. Mkono wangu ukainuka na kile kifungu cha nywele, na kwenye kioo kikubwa kile nikakiona kwa mara ya kwanza. Zilikuwa nyeupe. Wachimbaji wetu ni vijana, mwenye mvi katika kundi la kwanza alikuwa mmoja tu.

Nilimkuta yule mzee kwenye rundo lake la marudio, anapepeta. Nikamwamkia, akaitikia bila kuacha kazi. Nilisimama juani nikamwambia yote: kwamba nywele kwenye video zilikuwa zake, kwamba nilizichukua bila kutazama, kwamba sikujua.

Hakunikaribisha nikae. Alipepeta mpaka mchanga ukaisha kwenye ungo, ndipo akaniangalia.

"Nilizijua siku ile ile ilipofika video," akasema. "Nilikuja pale benchini nione kama na wewe unazijua."